Mshale Uliokataa Kushuka

Kabla hajawa dereva, Kijiti alikuwa muuza mafuta. Alisimama kwenye kituo cha njia panda, amevaa ovaroli iliyompita ukubwa, mpira wa pampu mkononi, tangu usichana wake mpaka mtoto wake wa mwisho alipoota meno. Huko huko ndiko alikojifunza gari, tena kwa vipande. Dereva wa lori akishuka kwenda kunywa chai, humrushia ufunguo: "Dada, lisogeze mbele kidogo, lisizibe njia." Kidogo leo, kidogo kesho, akaijua klachi, akazijua gia, akajua kurudi kinyumenyume katikati ya pampu mbili bila kugusa hata moja. Siku aliyokwenda kufanya mtihani wa udereva, mtahini alibaki kinywa wazi. Hakuwa amewahi kuona mtu anayeweza kugeuza gari mahali ambapo hata baiskeli ingeomba radhi, lakini hajawahi kuingiza gia ya nne maishani mwake.

Jina la Kijiti hakupewa na mama yake. Alibandikwa na maseremala, na chanzo chake ni pikapu.

Pikapu yenyewe aliinunua kwa muuza viazi mmoja aliyekuwa na haraka ya kuachana nayo. Ilikuwa ya zamani, ya dizeli, yenye rangi ya kijani iliyopauka kama shati la shule la kaka mkubwa lililorithiwa na wadogo wote. Bodi lake la asili la nyuma lilikwisha ondolewa zamani, na mahali pake muuza viazi alifunga bodi la mbao nzito lenye kingo za chuma, pana kuliko gari lenyewe. Mlango wa abiria ulifunguka kwa kupigwa goti. Injini ilikuwa nzima, tena nzima kabisa, na hiyo ndiyo iliyomfanya Kijiti atoe akiba yake yote.

"Halafu gari hili halili mafuta, dada," muuza viazi alimwambia, akigonga kioo cha geji kwa ukucha. "Jionee mwenyewe."

Mshale wa geji ulikuwa umesimama kwenye robo tatu. Kijiti akauona, akaridhika. Siku chache baadaye, mshale ukiwa palepale kwenye robo tatu, gari lilizimika katikati ya mzunguko wa barabara, saa ambayo mji mzima ulikuwa unakwenda kazini. Nyuma alikuwa amebeba kabati la nguo lenye kioo kirefu mlangoni. Kila dereva aliyeteremsha dirisha ili amtukane alijiona mwenyewe kwenye kioo kile, mdomo wazi na mishipa ya shingo imemsimama. Baadhi yao waliona haya wakapita kimya. Wengine hawakuona haya.

Aibu ile haikumtoka. Mtu aliyewajazia wenzake mafuta nusu ya umri wake, leo anaishiwa mafuta mbele ya umati! Akapeleka gari kwa fundi umeme wa magari. Fundi akafungua dashibodi, akatoa geji, akachomeka nyingine aliyoitoa kwenye gari bovu. Mshale wa geji mpya ukapanda taratibu, ukafika robo tatu, ukatulia.

"Geji mbili haziwezi kuugua ugonjwa mmoja," fundi akasema, akijikuna kidevu. "Hili ni boya la kupimia mafuta. Limekwama huko ndani ya tangi. Mpaka tushushe tangi."

"Nishushe tangi zima kwa sababu ya kijimshale?" Kijiti akamjibu. "Nilijua kupima mafuta kabla wewe hujajua kushika spana."

Akakata fito jembamba lililonyooka, akalipiga msasa, akalitia alama kwa kisu. Alama ya chini kabisa aliiita Usithubutu. Iliyofuata aliiita Nyumbani. Ya juu yake Sokoni, na ya juu kabisa Popote. Kila asubuhi alifungua mfuniko wa tangi, akatumbukiza fito, akalichomoa, akalisoma kama muuguzi anavyosoma kipimajoto. Maseremala waliokuwa wakimpa kazi ya kusafirisha vitanda, meza na makabati walimtazama kwa kicheko. "Huyo anakuja Kijiti! Mpisheni, anakwenda kumpima mgonjwa wake." Jina likashika, mpaka watoto wake mwenyewe wakawa wanaulizwa, "Mama yenu Kijiti hajambo?"

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Alishona mito ya makochi na foronya za magodoro katika chumba cha mbele cha nyumba yao, mahali ambapo mgeni alilazimika kupita upande upande kati ya marobota ya vitambaa. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye vidole vyepesi na moyo wa woga. Kwenye gari hakupenda kupanda, lakini mara nyingi alilazimika, kwa kuwa foronya zake zilitakiwa kuvalishwa huko huko kwa mteja. Basi hukaa kiti cha abiria, mkono mmoja umeshika mlango, mguu ukikanyaga breki isiyokuwepo.

"Baba watoto, utatoboa sakafu," Kijiti humwambia.

"Ninakusaidia," naye hujibu.

Kwa miaka waliyokuwa na pikapu ile, kulikuwa na jambo moja tu ambalo Kijiti hakuwahi kulikubali: safari ya mbali. Fito lilimwambia kilichomo tangini gari likiwa limesimama. Likishaondoka, halikuwa na la kumwambia. Mjini hilo halikumtisha, kwani hukosi kituo cha mafuta kila baada ya kona chache. Lakini kuvuka milima, kwenye barabara ya vumbi isiyo na mtu wala kibanda, hapana. Mara nyingi alipewa kazi nzuri za huko, akazikataa huku roho ikimuuma.

Sasa ikatokea kwamba maseremala wamemaliza vitanda vya zahanati mpya, ng'ambo ya milima. Lori lililokodiwa kuvipeleka likaharibika injini siku moja kabla. Seremala mkuu akaja nyumbani kwa Kijiti akiwa na vumbi la mbao hata kwenye nyusi.

"Dada yangu, niokoe. Wagonjwa watalazwa sakafuni."

"Unajua huko mimi siendi."

"Jaza tangi pomoni. Chukua na dumu la akiba. Utakwenda na kurudi na mengine yatabaki."

Kijiti akamtazama mumewe. Fundi Cherehani alikuwa ameshika foronya nyeupe, za magodoro ya zahanati ile ile, amezikunja vizuri moja juu ya moja kama mikate. Macho yake yalisema yote: vitanda visipokwenda, na foronya hazina pa kwenda.

"Haya," Kijiti akasema, akapiga moyo konde. "Kesho alfajiri."

Safari ya kwenda ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani. Pikapu ilipanda milima ikinguruma kama mzee anayepanda ngazi, pole pole lakini bila kusimama. Fundi Cherehani alikanyaga breki yake mpaka goti likafa ganzi. Zahanati ilikuwa nyumba mpya ndefu iliyonuka rangi, na muuguzi mkuu, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha, aliwapokea kwa furaha. Vitanda vikashushwa, magodoro yakavalishwa foronya, na mpaka saa sita mchana chumba cha wagonjwa kilikuwa kinameta.

Walipotoka nje walimkuta mzee mmoja mrefu, mwembamba, amesimama mbele ya pikapu. Alikuwa akipapasa boneti kwa kiganja, kama mtu anayepima homa.

"Umezeeka," mzee aliiambia pikapu.

"Shikamoo mzee," Kijiti akasema.

"Marahaba, mwanangu. Samahani, nilianza kumsalimia huyu kwa sababu nilimfahamu kabla yenu." Akageuka, uso umejaa tabasamu. "Hili lilikuwa gari langu. Mimi nilikuwa daktari wa mifugo. Tumelala porini mimi na hili gari, tukifuata ng'ombe walioumwa. Niliponyang'anywa miwani ya kuendeshea na binti yangu, ndipo nilipoliuza kwa jamaa mmoja wa viazi."

"Hukunyang'anywa, baba," muuguzi mkuu akasema akitokea mlangoni. "Uligonga mti."

"Mti wenyewe ulikuwa mdogo."

Kumbe mzee alikuwa na lake. Mjukuu wake, aliyeolewa mjini, alikuwa amejifungua, na mzee alikuwa hajamwona kitukuu chake. Kila akitaka kwenda, binti yake humwambia asubiri, njia ni mbovu, mabasi yanabanana, mgongo wake hauwezi. Sasa gari lake mwenyewe limekuja kumchukua mlangoni. Angekataliwa kwa hoja gani?

Muuguzi mkuu alimtazama baba yake, akamtazama Kijiti. "Utamfikisha kabla ya giza?"

"Nitamfikisha."

"Likitokea lolote njiani, baba, hiyo ni safari yako ya mwisho. Nimesema."

Mzee alikuwa amekwisha kufungasha. Alitoka na begi la nguo, mto wake wa kulalia kwapani, kwa vile hakuweza kulala kwenye mto wa mtu mwingine, na ndoo ya machungwa ya kumpelekea mzazi. Wakabanana mbele watatu: Kijiti kwenye usukani, Fundi Cherehani katikati akiwa amekalia chuma cha kiti, mzee dirishani.

Mzee alifurahi kama mtoto aliyepewa ruhusa. Kila kona aliijua kwa jina la mnyama. "Hapa nilimzalisha punda. Pale juu, fahali alinifukuza mpaka nikapanda juu ya gari hili hili." Akainama kidogo kutazama dashibodi. "Na mafuta mnayo ya kutosha."

Kijiti akacheka. "Hiyo usiitazame, mzee. Hiyo ni pambo tu."

"Mm," mzee akasema, akarudi kwa fahali wake.

Walikuwa wameanza kupanda mlima wa mwisho. Gurudumu la mbele likarusha jiwe, likagonga chini ya gari: ngo! Kijiti akasikiliza. Injini ikaendelea kama kawaida, naye akaendelea. Lakini kabla hawajafika kileleni, pikapu ikakohoa, ikavuta pumzi, ikakohoa tena, halafu ikanyamaza. Kijiti akavuta breki ya mkono, akashuka na kuweka mawe nyuma ya magurudumu, kisha akachukua fito lake na kulitumbukiza tangini.

Fito likatoka kavu. Hata Usithubutu haikulowa.

"Haiwezekani," akasema. "Nimejaza mpaka shingoni."

Ndipo aliposikia harufu. Alilala chini mchangani, akatazama. Tangi lilikuwa na tundu jipya, dogo kama punje ya maharage, na matone ya mwisho ya dizeli yalikuwa yakidondoka moja moja, bila haraka, kama yanayomaliza stori. Nyuma yao, mlimani kote walikopita, mstari mweusi ulikuwa umelowesha vumbi.

Kuziba tundu hakukumshinda. Kituoni aliona madereva wa malori wakifanya hivyo mara nyingi. "Nani ana sabuni ya mche?" akauliza. Mzee, ambaye hakuweza kuogea sabuni ya watu kama vile asivyoweza kulalia mto wa watu, alikuwa nayo kwenye begi. Kijiti akaikata kipande, akakiponda na kukikanda mpaka kikawa kama ulimbo, akakisukumiza kwenye tundu na kukishindilia kwa kidole gumba. Tone halikutoka tena. Lakini ni sawa na kufunga zizi baada ya ng'ombe wote kwenda zao.

"Haya, lete dumu la akiba," akamwambia mumewe.

Fundi Cherehani akatazama juu, akatazama chini, akatazama machungwa.

"Baba watoto. Dumu liko wapi?"

"Liko barazani."

"Barazani wapi?"

"Kwetu."

Ndege mmoja akalia, akaacha.

"Mama watoto, foronya zilikuwa nyeupe! Ningeziweka pamoja na dumu la dizeli? Wagonjwa walalie harufu ya gereji?"

"Kwa hiyo umeona heri tulale sisi hapa!"

Yakawa maneno. Kijiti alisema yake, na baadhi ya aliyoyasema hayakuhusu dumu kabisa bali robota la kitambaa la mwaka juzi. Simu zao hazikushika mtandao. Barabara ilikuwa nyeupe na tupu mbele na nyuma. Fundi Cherehani, kwa kununa, akapanda ndani ya gari, akawasha swichi ya ufunguo ili angalau redio imliwaze, akakaa mikono kifuani. Kijiti akakaa juu ya jiwe, ameshika tama. Hakuogopa kulala njiani; alichoogopa ni uso wa yule muuguzi mkuu. Mtu wa watu amefungiwa nyumbani, leo amepata siku moja ya kutoka, na siku yenyewe ndiyo hii.

Mzee alikuwa ameketi juu ya ndoo yake iliyogeuzwa, machungwa yakiwa yamelala kwenye mto, kitini mwa gari. Alimenya moja, akampa Kijiti nusu.

"Mwanangu," akasema, "nimekaa kimya kwa sababu gari ni lako na sitaki kukufundisha kazi. Lakini naomba niulize. Mbona hubadilishi tangi?"

"Nibadilishe tangi? Nitalipata wapi tangi jingine hapa, mzee wangu?"

"Sisemi jingine. Nasema lile la pili."

"La pili lipi?"

Wakatazamana. Sasa ikawa zamu ya mzee kushangaa. "Gari hili lina matangi mawili! Ningewezaje kuzunguka porini wiki nzima kwa tangi moja? Kulikuwa na swichi pale kwenye dashibodi, unageuza huku tangi hili, unageuza kule tangi lile. Na geji nayo inageuka nayo. Ilikuwa pale ulipochomeka ua."

Kweli kwenye dashibodi kulikuwa na kitundu cha duara, na siku aliponunua gari Kijiti alikichomeka ua la plastiki ili pasikae uchi. Macho yakamtoka pima. Akajitupa tena chini ya gari, safari hii upande wa kushoto, nyuma ya gurudumu. Pale palikuwa na sanduku refu la chuma lililogandamana matope. Kila fundi aliyewahi kuingia chini ya gari lile alimwambia ni sanduku la spana, limechomelewa, halifunguki. Aliyakwangua matope kwa fito. Ikatokeza bomba la mafuta, limekatwa na kubinywa ncha kama mdomo wa aliyenuna. Akaona na waya, mwekundu, ukipanda kuelekea mbele.

"Muuza viazi huyo," mzee akasema, akiwa ameinama kwa taabu karibu naye. "Lazima ile koki ya kugeuzia ilianza kuvuja, akaona heri akate. Kisha akaweka mbao zake hizi juu, mfuniko wa kujazia ukafunikwa. Waya wa geji akausahau."

"Na ndani kuna kitu?"

"Labda kuna, labda hakuna. Siku niliyoliuza nililijaza. Nilikaribia kulia, wallahi. Sikutaka gari langu liende ugenini na njaa."

Kijiti hakusubiri zaidi. Alichukua spana, akaanza kuhangaika na nati ya chini ya lile tangi. Nati ilikuwa imeshika kutu na haikutaka kusikia la mtu. Akaigonga kwa jiwe, akaitukana kwa heshima kwa vile mzee yupo, akaigonga tena, ikalia kwiiiik na kuzunguka. Ndoo ya machungwa ikawekwa chini yake. Yakaanza kutoka maji machafu yenye kutu, halafu kitu cheusi kizito, na mwisho kikaja kimiminika cha rangi ya chai ya rangi, chenye harufu ambayo Kijiti aliijua kuliko manukato yoyote.

"Dizeli!" akapiga kelele. "Mzee, ni dizeli!"

Wakati huo huo, ndani ya gari, sauti ya Fundi Cherehani ikapaa: "Inashuka! Inashuka! Mama watoto, inashuka!"

Gari lilikuwa mlimani, na Kijiti alikuwa chini yake. Hakuuliza cha kwanza wala cha pili. Alitoka pale kama mjusi aliyemwagiwa maji moto, akamvuta mzee mkono, wote wawili wakaangukia nyasini upande wa juu wa barabara. Wakageuka kutazama. Pikapu ilikuwa palepale juu ya mawe yake, haina hili wala lile.

"Nini kinashuka?" Kijiti akamfokea.

Fundi Cherehani alichomoza kichwa dirishani, uso unang'aa. "Geji! Njoo uone! Mshale unashuka!"

Kijiti akaenda kuona. Kwa miaka yote hiyo mshale ule ulikaa robo tatu, jua na mvua, kupanda na kushuka. Sasa ulikuwa ukitembea. Taratibu sana, kama mtu anayejinyoosha baada ya usingizi mrefu, uliiacha robo tatu na kuelekea nusu, huku nje dizeli ikidondokea ndooni. Kijiti alicheka. Alianza kwa kuguna, kisha akacheka kweli kweli, akateleza taratibu ubavuni mwa mlango mpaka akakaa barabarani, machozi yakimchirizika kwenye vumbi la mashavu.

"Masikini," akasema alipopata pumzi. "Kumbe ilikuwa inasema kweli tupu. Na mimi nikaiita pambo!"

"Ilikuwa inalisemea tangi lake," mzee akasema, akijikung'uta majani. "Ukimuuliza mtu habari za nyumba yake, hawezi kukujibu za jirani."

Ndoo ikawahi kuondolewa kabla haijafurika na nati ikarudishwa. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kusafisha. Dizeli iliyolala miaka yote hiyo haiwezi kunyweshwa injini hivi hivi, ikiwa na kutu na maji. Kijiti alimgeukia mumewe na kumnyooshea mkono.

"Nini?" Fundi Cherehani akauliza, ingawa alijua.

"Kitambaa."

"Kilichobaki ni kile cheupe. Kizuri. Pamba tupu."

"Hicho hicho."

Akakitoa. Alikikunja mara mbili, mara nne, kwa vidole vyake vya fundi, akakishikilia kwa mikono miwili juu ya mdomo wa chupa ya maji waliyoikata kuwa faneli ya kumiminia, na yeye mwenyewe akasema, "Mwaga taratibu, usiharakishe, uache maji yabaki chini ya ndoo." Ndoo baada ya ndoo walichuja. Kitambaa cheupe kikawa cha kahawia, kikawa cheusi, na Fundi Cherehani akatafuta upande mwingine safi bila kulalamika. Mabega yao yaligusana. Hakuna aliyetaja dumu tena.

Tangi kuu likapata mafuta, na sabuni ikashika. Kilichobaki ni kutoa hewa, kwani injini ya dizeli iliyokauka haiwaki mpaka mabomba yake yajae. Kijiti alifungua boneti, akalegeza skrubu juu ya chujio, akabonyeza pampu ndogo ya mkono. Povu likatoka, likatoka tena, hatimaye ikaja dizeli tupu isiyo na povu. Akafunga skrubu, akapanda, akageuza ufunguo.

Injini ikazunguka, ikakataa. Ikazunguka tena, ikapiga chafya. Mara ya tatu ikawaka kwa mtikisiko uliofanya machungwa yaruke kwenye mto, na nyuma likatoka wingu la moshi ambalo, kama kungekuwa na mtu bondeni, angedhani mlima unaungua.

"Ndiyo huyo!" mzee akapiga makofi. "Ndiyo huyo ninayemjua mimi!"

Waliingia mjini taa za barabarani zikiwa bado hazijawashwa. Mbele ya nyumba ya mjukuu, mzee alimpigia simu binti yake. Kijiti na mumewe walisimama pembeni wakijifanya wanatazama ukuta.

"Tumefika salama, mwanangu. Ndiyo. Gari? Gari halina tatizo. Lilipumzika kidogo njiani, kama watu wote wazee."

Mlango ukafunguliwa. Mjukuu, kitoto kikiwa begani, alipanua mikono kumkumbatia babu yake, kisha pua yake ikafanya kazi. Akarudi hatua nyuma.

"Babu! Umeoga dizeli?"

Wote watatu waliamriwa kwenda bafuni, mmoja mmoja. Hakuna atakayemgusa mtoto kabla hajasuguliwa. Fundi Cherehani alivishwa shati la mwenye nyumba, ambalo vifungo vyake vitatu vya katikati vilikataa kabisa kukutana. Baadaye mzee akakalishwa kwenye kochi, mto wake mwenyewe mgongoni, akawekewa kitukuu mapajani. Alikitazama kwa utaratibu kama alivyozoea kutazama ndama: masikio, macho, kucha, kisigino.

"Mzima," akatoa hukumu. "Miguu mizuri."

Kijiti akaegemea ukuta, akacheka.

Kesho yake pikapu ikaenda gereji. Fundi wake aliingia chini, akakaa huko muda, akatoka, akaingia tena. "Nilidhani sanduku la spana," hatimaye akasema. Matangi yote mawili yakashushwa, yakaoshwa, tundu likachomelewa, bodi la mbao likakatwa kidirisha ili mfuniko wa pili upate hewa. Koki mpya ikafungwa, na swichi ikarudi mahali pake. Ua la plastiki Kijiti alimpa mtoto wa fundi.

Mzee alitakiwa kukaa mjini siku chache. Alikaa mpaka akageuka jirani. Kila asubuhi alikwenda kwenye safu ya maseremala, akaketi juu ya kitanda chochote kilichokuwa kinasubiri mteja, akawasimulia habari za fahali. Binti yake alipiga simu, akapiga tena, mwishowe akaja mwenyewe kwa basi kumchukua. Kijiti akawarudisha baba na binti kwa pikapu, mumewe akiwa nyuma ameshikilia ubao kwa mikono miwili, na huko njiani, kwenye mlima ule ule, mzee akasahau kwamba palikuwa na siri. "Hapa ndipo tulipoishiwa mafuta!" akasema kwa furaha.

Muuguzi mkuu alimgeukia Kijiti. Kijiti akakaza macho barabarani.

"Nilijua tu," muuguzi mkuu akasema. "Sabuni yake nimeikuta begini imekatwa kipande, inanuka dizeli." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko chake kilipotoka kilikuwa kikubwa kuliko sauti yake ya kuamrisha.

Walipofika alimvuta Kijiti pembeni. Zahanati ilihitaji mtu wa kuleta vifaa kila mwezi, mtu mwenye gari linaloweza kuvuka milima na dereva asiyechanganyikiwa likisimama. Kijiti akakubali papo hapo, mumewe akiwa bado anauliza kama ni kila mwezi kweli.

Fundi Cherehani alifikiri. Akatazama kile chuma cha kiti cha katikati, akakibonyeza kwa vidole mara mbili tatu kama apimavyo kochi la mteja.

"Hapa," akasema, "patahitaji sponji. Ile nene."